Nasaba za Virusi na Deni la Kiswahili: Tafakuri Kutoka Bonde la Ufa

Msimu wa mavuno unapokaribia katika mashamba ya Njoro, Rongai na Subukia, kaunti ya Nakuru, kuna kazi moja isiyokosa kufanywa: kusafisha ghala. Magunia ya mwaka uliopita hukung'utwa, maganda na mabua yaliyosalia hufagiliwa, na vumbi hutimka hadi kwenye mapaa. Ndani ya vumbi hilo mna kinyesi kikavu cha panya, mkojo uliokauka na manyoya. Aghalabu kazi hii huachiwa akina mama na watoto, nao huifanya kwa ufagio mkavu, mlango ukiwa umerudishwa ili vumbi lisitapakae uani. Hakuna anayeiona kuwa kazi ya hatari. Panya, kwa mkulima, ni mwizi wa mahindi. Si zaidi ya hapo.

Sayansi ina mengi ya kumwambia mkulima huyo kuhusu vumbi lile. Tatizo ni kwamba haimwambii kwa lugha anayoielewa. Makala haya hayaandikwi kutangaza kuwa kuna mlipuko wa maradhi Nakuru. Yanaandikwa kutetea hoja moja: kwamba utafiti wa vinasaba vya virusi vinavyobebwa na panya wa porini, hususan virusi vya hanta, ni jambo linalowahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, na kwamba kulinyamazia ni kukwepa deni.

Kwanza ni vyema kueleza virusi vyenyewe. Jina hanta limetokana na mto Hantan nchini Korea. Wakati wa Vita vya Korea, kati ya mwaka 1950 na 1953, wanajeshi zaidi ya 3,000 wa Umoja wa Mataifa walishikwa na homa kali iliyoandamana na kutokwa damu na kuharibika kwa figo. Chanzo chake hakikujulikana hadi mwaka 1976, pale mtaalamu wa Kikorea, Ho Wang Lee, alipokigundua kirusi hicho katika mapafu ya panya wa mashambani. Mwaka 1993, ugonjwa mwingine ulizuka kusini magharibi mwa Marekani, katika eneo ambalo majimbo manne hukutana. Huu haukushambulia figo bali mapafu, na vijana waliokuwa na afya njema walikufa katika muda wa siku chache. Uchunguzi wa vinasaba ulibainisha kwamba nao ulisababishwa na kirusi cha hanta, cha aina isiyowahi kujulikana. Kwa ugonjwa huo wa mapafu, takribani wagonjwa 4 katika kila 10 hufariki, na hadi leo hapana dawa mahususi ya kuutibu.

Panya anayebeba kirusi hiki haugui. Hukitoa katika mkojo, kinyesi na mate yake, na binadamu hukivuta puani pamoja na vumbi. Msemo wa Waswahili kwamba panya huuma huku akipuliza unapata hapa maana ambayo waliouanzisha hawakuikusudia: panya huyu hahitaji hata kuuma.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa hayo ni mambo ya Asia, Ulaya na Amerika. Imani hiyo imevunjika. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kupatikana kwa kirusi cha hanta katika panya wa msituni nchini Guinea, nacho kikaitwa Sangassou, kwa jina la kijiji alikonaswa panya huyo. Mwaka 2012 kikatangazwa cha Tigray, huko Ethiopia. Mwaka 2014 zamu ikawa ya Tanzania: virusi viwili vipya, kimoja kikaitwa Kilimanjaro na kingine Uluguru, kila kimoja kwa jina la mlima wake. Ajabu ni kwamba hivi viwili havikupatikana katika panya. Vilipatikana katika virukanjia, wanyama wadogo wenye pua ndefu iliyochongoka, ambao hula wadudu na wala si wa jamii ya panya kamwe. Kirukanjia wa Kilimanjaro aliyebeba kirusi hicho hapatikani popote pengine duniani ila katika mlima huo.

Ugunduzi huo ulizidi kuitikisa nadharia ya awali. Wataalamu walikuwa wakidhani kwamba virusi vya hanta vilizaliwa na panya na kugawanyika pamoja nao, kila aina ya panya na kirusi chake, tangu zama na zama. Virukanjia, na baadaye popo, walipopatikana na virusi vyao wenyewe, vingine vikiwa vya kale kuliko vile vya panya, ilibidi historia nzima iandikwe upya. Ikabainika kwamba nyakati fulani virusi viliruka kutoka mnyama wa jamii moja hadi wa jamii nyingine. Na hilo ndilo lenye uzito kwa binadamu, kwa kuwa kirusi kilichoweza kuhama mara moja chaweza kuhama tena.

Namna historia hiyo ilivyosomwa yapasa kumvutia kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, kwa maana ni kazi anayoijua. Kinasaba cha kirusi cha hanta ni matini. Kimegawanyika katika vipande vitatu, kimoja kikubwa, kimoja cha wastani na kimoja kidogo, na kila kipande kimeandikwa kwa herufi nne tu. Kirusi kinapozaana, matini hayo hunakiliwa, na katika kunakili hutokea makosa. Mtafiti hulinganisha nakala kutoka kwa wanyama mbalimbali. Wawili wakipatikana na kosa lilelile mahali palepale, yamkini nakala zao zimetoka kwa nakala moja iliyotangulia. Makosa yanayoshirikiwa yakiwa mengi, udugu ni wa karibu; yakiwa machache, udugu ni wa mbali. Mwishowe huchorwa mti wa ukoo.

Je, mhakiki wa miswada ya tenzi za kale hufanya nini tofauti na hayo? Huchukua nakala zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na waandishi wa Lamu, Pate au Mombasa, akalinganisha beti kwa beti, akaona neno lililokosewa katika nakala mbili na halikukosewa katika ya tatu, kisha akaamua ipi imezaa ipi. Mbinu ni moja. Kilichotofautiana ni wino. Wala si sadfa kwamba istilahi ya Kiswahili, kinasaba, imechimbuka katika neno nasaba, neno ambalo wenyeji wa pwani wamelitumia kwa karne nyingi kueleza nani kamzaa nani, wa mlango gani na wa tumbo gani. Anayedai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kuisema elimu ya vinasaba hajaichunguza lugha yenyewe. Kiswahili kilikuwa na fikra ya nasaba kabla ya maabara kuwa na darubini.

Hata hivyo, uwezo wa lugha si hoja ya kutosha maadamu lugha hiyo haitumiki. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na mwaka 2003 ikaongeza kamusi ya tiba. Kazi hizo ni za kusifiwa. Lakini istilahi iliyolala kamusini ni mbegu iliyolala guniani. Katika Nakuru, hata neno panya lenyewe linabeba mzigo usio wake. Huitwa panya yule wa ghalani, yule wa nyasini mwenye mistari mgongoni, na hata kirukanjia ambaye si panya. Lugha ya pwani ina jina la kirukanjia. Ina panya buku. Ina fuko anayechimba chini kwa chini. Msomi wa bara anayafahamu majina hayo? Na wakulima wa Nakuru, ambao katika lugha zao za kwanza, iwe Kikuyu, Kikalenjin, Kimaasai, Ekegusii au nyinginezo, wana majina yao ya wanyama hao, ni nani aliyewahi kuwauliza na kuyakusanya?

Kutofautisha majina si ushabiki wa msamiati. Mfano mmoja unatosha. Panya aitwaye kitaalamu Mastomys natalensis anapatikana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, na ni mharibifu mkubwa wa mazao katika Afrika Mashariki. Afrika Magharibi, panya huyohuyo ndiye anayebeba kirusi cha homa ya Lassa, kilichotambuliwa Nigeria mwaka 1969 na ambacho huua watu kila mwaka. Je, mkulima wa Njoro aliyesikia habari hizo akimbie shamba lake? La. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba panya wa aina hii wamegawanyika katika koo, na koo za Afrika Mashariki zina virusi vingine, kama kile kilichopewa jina la Morogoro, ambavyo ni jamaa wa Lassa lakini havijulikani kuwadhuru watu. Hapo pana tofauti baina ya hofu ya bure na tahadhari ya haki, na tofauti hiyo imo katika neno moja: ukoo. Lugha isiyoweza kusema "panya wa aina moja, koo mbalimbali" itamwacha mkulima achague kati ya kupuuza yote na kuogopa yote.

Suala la majina lina upande mwingine, nao ni mchungu zaidi kwa wakazi wa Bonde la Ufa. Mwaka 1930, katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, kondoo na wana-kondoo wapatao 4,700 walikufa kwa muda wa majuma manne. Daubney, Hudson na Garnham walichunguza na mwaka 1931 wakaeleza kirusi kipya. Ugonjwa ukaitwa homa ya Bonde la Ufa. Kirusi hicho kina udugu wa mbali na vile vya hanta, ingawa chenyewe huenezwa na mbu na kwa kugusa wanyama wagonjwa. Tangu hapo kimeua watu Misri, Saudi Arabia, Yemen na kwingineko, na katika mlipuko wa mwaka 2006 na 2007 kikaua watu zaidi ya 150 nchini Kenya, wengi wao wakiwa mbali sana na Naivasha. Lakini kila kinapoua, popote kinapoua, jina linalotajwa ni la bonde hili.

Wenyeji wa Marekani walilitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1993, kirusi kile kipya kilipotaka kupewa jina la mahali katika nchi ya jamii ya Navajo, walipinga, wakisema hawataki kizazi chao kitambulishwe kwa mauti. Waliokuwa wamefiwa walikuwa tayari wameanza kuepukwa na majirani kama kwamba wao ndio maradhi. Baada ya mabishano, kirusi kikaitwa Sin Nombre, maneno ya Kihispania yenye maana ya "bila jina". Ilipofika mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali, ya watu wala ya wanyama.

Kwa nini jambo hili liwe zito Nakuru kuliko mahali pengine? Kwa sababu katika Bonde la Ufa maneno ya wadudu, magugu na uchafu yamewahi kutumiwa dhidi ya binadamu. Anayekumbuka mwaka 1992, na anayekumbuka miezi ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, hahitaji kukumbushwa kwa urefu. Mwaka 2022, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilipoorodhesha maneno yanayochochea chuki, yalikuwamo "madoadoa" na "kwekwe", maneno mazuri ya Kiswahili yaliyogeuzwa silaha. Katika mazingira kama hayo, ugonjwa wa panya ukitangazwa kwa pupa, kwa istilahi zilizofasiriwa ovyo, na ukahusishwa na mtaa fulani au jamii fulani, hautabaki kuwa habari ya afya. Anayeunda istilahi ya ugonjwa Bonde la Ufa ana wajibu wa kujiuliza si tu kama neno lake ni sahihi, bali pia litatua kinywani mwa nani.

Kuna wanaoshikilia kwamba kazi hii si ya watu wa Kiswahili. Husema kwamba mwanasayansi aandike kwa Kiingereza, afisa wa afya afasiri, na mwanafunzi wa fasihi ashughulike na riwaya zake. Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini haisimami. Afisa wa afya hakufundishwa kuunda istilahi. Akikosa neno hulikopa lilivyo au huliruka, na kinachorukwa mara nyingi ndicho kiini. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Panya hunaswa katika shamba la mkulima, kwa ruhusa yake, na pengine kwa msaada wa watoto wake wanaojua mashimo yalipo. Matokeo yakichapishwa katika lugha asiyoisoma, yeye amechangia elimu ambayo hatarithi.

Upo pia udhaifu wa upande wa pili, nao ni wa watu wa Kiswahili wenyewe. Wengi wao huunda istilahi mezani, kisha wakashangaa umma ukizikataa. Miaka ya 1980 neno UKIMWI liliundwa, likaenea kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, kwa kuwa lilisemeka, lilieleza ugonjwa, na lilifika kwa watu pamoja na mafunzo. Wakati wa janga la korona, istilahi rasmi UVIKO-19 ilitangazwa; Tanzania ikatumika katika shughuli za serikali, lakini vinywani mwa wengi, Nakuru ikiwemo, ugonjwa ulibaki kuwa korona. Funzo lililopo ni kwamba neno hushinda linapofika mapema, likiwa fupi, likiwa limebeba maelezo. Kusubiri mlipuko ndipo ianze kutafutwa istilahi ni kuchimba kisima huku kiu imeshakaba koo.

Fauka ya hayo, fasihi simulizi nayo ina la kuchangia. Mwaka 1993, wazee wa jamii ya Navajo walikuwa na mapokeo yaliyohusisha miaka ya mvua nyingi, wingi wa panya na maradhi. Wanasayansi walipochunguza waliona kwamba mvua kubwa zilizotangulia zilikuwa zimezidisha chakula cha panya, panya wakazaana, wakaingia majumbani. Kenya ina historia inayofanana na hiyo. Baada ya mvua za mafuriko za mwaka 1961, mwaka 1962 panya walifurika katika maeneo ya kilimo nchini na kuharibu nafaka. Wapo wazee wa Rongai na Molo walioyaona hayo wakiwa vijana. Waliyaeleza vipi? Kuna nyimbo, kuna misemo, kuna majina ya rika au ya mwaka yaliyotokana nayo? Mwanafunzi anayekwenda nyanjani kukusanya vitendawili anapita kwenye milango ya wazee hao bila kuuliza, na kila mwaka milango hiyo hupungua.

Yapo basi mambo matatu yanayoweza kufanywa bila kusubiri fedha za wafadhili. La kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vikusanye majina ya panya, virukanjia, mafuko na popo katika lugha za Bonde la Ufa, kila jina likilinganishwa na mnyama halisi kwa msaada wa wataalamu wa wanyama. Pale Njoro, Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, kina wanaosomea kilimo na wanaosomea Kiswahili katika uwanja mmoja. Umbali baina yao ni wa miguu tu. La pili, wahadhiri wakubali tasnifu za uzamili zinazochunguza lugha ya sayansi na afya, zihesabiwe kuwa utafiti kamili wa Kiswahili na zisitupwe kando kama kazi za ukalimani. La tatu, kila utafiti wa wanyama na virusi unaofanywa katika mashamba ya watu uambatane na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, ulioandikwa na mtu anayeijua lugha na kusomwa na mtu anayeijua sayansi, urudishwe kwa wenye mashamba.

Muhtasari huo hautahitaji maneno makubwa. Utamwambia mwenye ghala afungue mlango na dirisha kwa nusu saa kabla ya kuingia. Asifagie pakavu, bali anyunyize maji yaliyotiwa klorini juu ya kinyesi cha panya, asubiri kidogo, kisha afute kwa kitambaa. Afunike pua na mdomo, avae glavu, na anawe mikono kwa sabuni. Nafaka iwekwe juu ya chaga, mianya izibwe, na nyasi zifyekwe kando ya ghala. Maelezo hayo ni machache kuliko beti za utenzi mfupi. Lakini ili yaaminiwe, ni lazima yaandamane na sababu. Na sababu hizo ndizo zilizofungiwa katika lugha ya kigeni.

Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Walikusudia kukemea wingi usio na mpango, kila mmoja akitegemea mwenzake aanze. Ndivyo ilivyo leo: mwanasayansi anamngoja afisa wa afya, afisa anamngoja mfasiri, mfasiri anaingoja kamusi, na mwanakamusi anangoja neno litumike ndipo aliingize. Huku wakingojana, mama wa Subukia amekwisha kuushika ufagio wake mkavu, ameurudisha mlango, na vumbi limeanza kutimka.